Habari ya Damu Itolewayo Mshipani

Siku moja, tulipokuwa tukiwafundisha watoto wetu habari za moyo na damu, mmoja wao alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, damu wanayoitoa hospitali huipeleka wapi?" Wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akatueleza ya kuwa bibi yake ameshikwa na homa siku nyingi, naye alipoambiwa hospitali kwamba sharti atolewe damu kidogo ipimwe, alikataa kabisa, akajifunga kanga yake akarudi nyumbani. "Bibi asema zamani kulikuwa na mumiani, waliowakamata watu na kuwanyonya damu. Asema hawezi kumpa damu yake mtu asiyemjua, wala hajui aipeleka wapi."

Tulitaka kumjibu upesi kwamba hayo ni maneno ya ujinga. Kisha tukajizuia, kwani tulipofikiri vema tuliona ya kuwa yule bibi hakukosa sana. Kama angalikuwa mgonjwa miaka mia mbili na zaidi iliyopita, tena si kijijini kwetu bali katika nyumba za wakubwa wa Ulaya au Marekani, hofu yake ingaliweza kumwokoa. Kwa muda wa miaka zaidi ya 2000 kutolewa damu mshipani kulikuwa dawa iliyosifiwa sana, nayo iliwadhoofisha wagonjwa wengi wasiohesabika, na wengine ikawaua. Wala waliofanya hivyo hawakuwa wezi wa damu. Walikuwa waganga wenye elimu, wengi wao watu wema, waliotaka kwa moyo wote mgonjwa wao apone.

Basi twataka kuwasimulia wasomaji wetu jinsi kazi hii ilivyotoka katika hatari hata ikawa salama. Mkono wa mganga ulipaswa kujifunza mambo manne: njia ya damu mwilini, kipimo cha damu, usafi wa chombo, na haki ya mwenye damu. Kila moja lilipatikana kwa gharama ya watu, na hilo la nne, twaona, halijakwisha kujifunzwa hata leo.

Mafundisho ya kale

Waganga wa kale wa Ugiriki walifundisha kwamba mwilini mna maji ya namna nne, nayo ni damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Yakilingana, mtu huwa mzima. Mojawapo likizidi, mtu huugua. Galen, aliyezaliwa Pergamum mwaka 129 akawa mganga mashuhuri huko Rumi, aliyatia nguvu mafundisho hayo. Yeye alidhani ya kuwa damu hufanywa katika ini kwa chakula tunachokula, kisha huenda katika viungo ikatumika huko na kwisha, kama maji ya mfereji yanywewavyo na shamba. Kwa hiyo jambo hili lilionekana kuwa la akili: mtu mwenye homa, uso umemwiva na mishipa yapiga kwa nguvu, huyo amejaa damu kupita kiasi, na ipunguzwe.

Vitabu vya Galen vilifasiriwa kwa Kiarabu, na waganga wa nchi za Kiislamu wakavisoma na kuongeza maarifa yao. Ibn Sina (980–1037) aliandika habari za kutoa damu katika kitabu chake kikubwa kiitwacho Qanun, na al-Zahrawi wa Cordoba, katika Hispania, alieleza mishipa ya kupasuliwa na visu vya kuipasulia. Elimu hiyo ilifika hata pwani yetu, na alama zake zimo katika maneno yetu. Safura, jina ambalo sisi twaliita ugonjwa wa kupungukiwa na damu, ni jina la Kiarabu la ile nyongo ya manjano. Na wazee wa pwani wajua sana kazi ya kuumika: mwumishi huweka pembe juu ya ngozi, huivuta hewa iliyomo, huchanja chale ndogo, kisha huirudisha pembe ipate kutoa damu.

Lakini kuumika hutoa damu ya ngozini tu. Jambo tulisimulialo ni kubwa zaidi, yaani kuupasua mshipa wenyewe, hasa ule ulio mbele ya kiwiko, na kuiacha damu itiririke bakulini. Huko Ulaya kazi hiyo kwa muda mrefu ilikuwa mikononi mwa vinyozi. Katika London vinyozi na wapasuaji walifanywa chama kimoja mwaka 1540, wala hawakuachana hata mwaka 1745. Ule mti wa mistari myekundu na myeupe usimamishwao mlangoni pa kinyozi katika miji ya Ulaya na Marekani ni ukumbusho wa damu ile, na wa vitambaa vilivyofungiwa mikono ya watu.

Njia ya damu

Mtu apasuaye mshipa wa kiwiko asijue kilicho chini yake ni kama achimbaye kisima gizani. Karibu na mshipa huo upo mwingine wa ndani, upigao kwa nguvu ya moyo. Huo ukikatwa, damu huruka wala haizuiliki kwa urahisi. Tena zipo neva, yaani nyuzi zipelekazo fahamu na nguvu mkononi. Mfalme Charles wa Tisa wa Ufaransa, aliyetawala tangu 1560 hata 1574, alipougua homa alitolewa damu, na chombo kikaichoma neva. Mpasuaji wake, Ambroise Paré, aliandika kwamba mfalme alipatwa na maumivu makali, akakaa miezi mitatu na zaidi asiweze kuukunja mkono wala kuunyosha vema, ndipo akapona. Huyo alikuwa mfalme, mwenye waganga bora wa nchi yake. Maskini waliopatwa na mambo kama hayo hawakuandikwa na mtu.

Aliyeifumbua njia ya damu ni Mwingereza William Harvey (1578–1657), ambaye alisoma Padua katika Italia. Mwalimu wake huko, Girolamo Fabrici, alikuwa amewaonyesha wanafunzi vijilango vilivyomo ndani ya mishipa ya mkono na mguu, akidhani ya kuwa kazi yake ni kupunguza tu mwendo wa damu. Harvey alijiuliza, kwa nini vijilango vyote vyafunguka kuelekea moyoni? Mwaka 1628 alitoa kitabu kilichopigwa chapa Frankfurt, na ndani yake akaeleza jaribio rahisi la kitambaa.

Mkono ukifungwa juu ya kiwiko kwa kitambaa kilichokazwa sana, huwa baridi, na mapigo ya damu penye kifundo hayasikiki tena; mishipa ya juujuu nayo haivimbi. Kitambaa kikilegezwa kidogo, mara mkono huwa mwekundu, hujaa, na mishipa ya juujuu husimama kama kamba. Sababu yake nini? Kitambaa kilicholegezwa chaiacha damu ishuke kwa mishipa ya ndani yenye kuta ngumu, lakini chaizuia isirudi kwa mishipa laini iliyo karibu na ngozi. Basi damu huenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Tena Harvey alipiga hesabu: hata kama moyo watoa damu kidogo tu kwa kila pigo, katika nusu saa utakuwa umetoa nyingi kuliko damu yote iliyomo mwilini. Haiwezekani chakula kifanye damu mpya nyingi namna hiyo. Ni lazima iwe damu ile ile, nayo yazunguka.

Kila mwuguzi afungaye mpira juu ya kiwiko cha mgonjwa leo hulifuata fundisho la kitambaa kile. Huukaza kiasi cha kuizuia damu irudiyo, wala haukazi hata akaizuia ile iendayo. Na huufungua kabla ya kuichomoa sindano, damu isije ikavuja chini ya ngozi na kufanya uvimbe.

Walakini ajabu ni hii, kwamba Harvey mwenyewe hakuacha kuwatoa wagonjwa damu kama walivyofanya wenzake. Aliijua njia, asijue kipimo.

Kipimo cha damu

Tarehe 12 Desemba 1799 George Washington, aliyekuwa rais wa kwanza wa Marekani, alipanda farasi akakagua mashamba yake ya Mount Vernon katika theluji na mvua. Siku ya pili yake koo likamwuma, na usiku wa kuamkia tarehe 14 pumzi zikawa taabu. Kabla waganga hawajafika, alimwita msimamizi wa shamba amtoe damu. Mkewe, Martha, alisihi isitolewe nyingi, maana aliogopa itamdhuru. Lakini mgonjwa mwenyewe alitaka izidi. Kisha waganga watatu wakaja, na damu ikatolewa tena na tena, jumla mara nne katika siku ile moja. Mdogo wao kwa umri, Elisha Cullen Dick, aliwashauri wenzake wasiendelee, kwa kuwa mgonjwa amekwisha nguvu. Hawakumsikiliza. Usiku ule ule Washington akafa, naye alikuwa mtu wa miaka 67.

Kwa makisio yaliyofanywa baadaye, damu aliyotolewa ilizidi lita 2. Na mtu mzima ana lita 5 hivi tu. Hatusemi kwamba jambo hilo peke yake lilimwua, kwani koo lake lilikuwa limevimba hata kuziba. Lakini kazi ya damu ni kuchukua hewa safi toka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Basi mtu aliyekuwa akipigania pumzi alinyang'anywa sehemu kubwa ya mchukuzi wa pumzi zake, tena kwa mikono ya marafiki.

Kwa nini waganga hawakuyaona hayo kwa muda wa miaka mingi hivyo? Kwa sababu hakuna aliyehesabu. Mgonjwa akipona, ilisifiwa damu iliyotolewa. Akifa, ilisemwa kwamba imetolewa kwa kuchelewa. Dawa ya namna hiyo haiwezi kushindwa kamwe, kwani kila neno huwa ushahidi wake.

Aliyeanza kuhesabu alikuwa Mfaransa Pierre Louis (1787–1872), wa Paris. Huyu aliandika kwa uangalifu habari za kila mgonjwa: ameanza kuugua siku gani, ametolewa damu siku gani, amepona au amekufa. Katika wagonjwa 77 wa kichomi, 41 walitolewa damu katika siku nne za kwanza za ugonjwa, nao wakafa 18. Wengine 36 walitolewa baadaye, tangu siku ya tano hata ya tisa, wakafa 9. Yaani kwa wale wa kwanza walikufa 44 katika kila mia, na kwa wale wa pili 25 katika kila mia. Kama dawa ile ingalikuwa na nguvu iliyosifiwa, waliopewa mapema wangalipona zaidi. Louis hakusema kwamba iachwe kabisa; alisema tu kuwa faida yake ni ndogo kuliko watu walivyodhani. Habari hizo alizitoa mwaka 1828, na kwa ukamilifu zaidi mwaka 1835. Wakati huo ndipo desturi ilipokuwa imepamba moto: Ufaransa ilinunua kutoka nchi nyingine ruba zaidi ya milioni 40 katika mwaka mmoja wa 1833, ili wanyonye damu za wagonjwa. Hesabu ya Louis haikuizima desturi kwa siku moja, lakini iliupasua mtumbwi, na maji yakaingia kidogo kidogo hata ukazama.

Siku hizi kutoa damu ili kutibu kumebaki kwa magonjwa machache sana, kama ule wa chuma kuzidi mwilini. Damu ya kupima ni kidogo, mara nyingi haizidi kijiko kimoja au viwili vya chai kwa kichupa kimoja. Hata mtu amtoleaye mwenziwe damu kwa hiari hutolewa mililita 450 hivi, nayo ni chini ya sehemu moja katika kumi za damu yake, baada ya kupimwa uzito na kuangaliwa kama ana damu ya kutosha.

Usafi wa chombo

Kuijua njia na kipimo hakutoshi kama chombo ni kichafu. Mwaka 1847, katika hospitali kubwa ya Vienna, mganga Jakob Kolletschka alichomwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakichunguza maiti. Jeraha lilikuwa dogo, lakini likamwua. Rafiki yake, Ignaz Semmelweis, aliposoma habari za kifo kile aliona ya kuwa dalili zake ni zile zile za homa iliyokuwa ikiwaua wazazi katika wodi yake. Akafahamu kwamba kuna kitu kisichoonekana, ambacho waganga na wanafunzi walikichukua mikononi mwao kutoka kwa maiti na kuwapelekea walio hai. Akaamuru kila mtu anawe kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi wa Aprili mwaka ule walikufa wazazi 18 hivi katika kila mia. Mwezi wa Juni walikufa 2 hivi. Wakubwa wengi walimdharau, naye akafa mwaka 1865 kabla kazi yake haijaheshimiwa. Baadaye Louis Pasteur na Robert Koch walidhihirisha habari za vijidudu viletavyo magonjwa, na Joseph Lister, tangu mwaka 1867, akawafundisha wapasuaji kuviua kwa dawa.

Wakati huo huo chombo nacho kilikuwa kikibadilika. Mwaka 1853 Alexander Wood wa Edinburgh na Charles Pravaz wa Lyon, kila mmoja kwake, walitumia bomba dogo lenye sindano ya tundu. Hapo kwanza mshipa ulipasuliwa. Tangu hapo uliweza kuchomwa tu, na jeraha likawa dogo kama la mwiba. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Walakini kisu kichafu huonekana kwa macho, bali uchafu ulio ndani ya tundu la sindano hauonekani. Chombo kilichoondoa hatari moja kilificha nyingine.

Katika miaka ya 1940 waganga wa Uingereza waliona ya kuwa watu waliotibiwa kwa sindano za mshipani walikuwa wakipatwa na ugonjwa wa manjano wiki nyingi baadaye. Mabomba yalikuwa yakisuuzwa tu baina ya mgonjwa na mgonjwa, na chembe ya damu isiyoonekana ilitosha kuuhamisha ugonjwa. Mwaka 1965 Baruch Blumberg alitoa habari ya alama ya kirusi cha namna mojawapo ya ugonjwa huo, nacho huitwa hepatitisi B. Na kirusi cha hepatitisi C kilitambuliwa mwaka 1989.

Lakini fundisho lililo chungu kuliko yote lilitoka Misri. Wakulima wa bonde la Nile waliteswa sana na kichocho, ugonjwa tunaoujua sisi tukaao karibu na maziwa na mashamba ya mpunga. Tangu miaka ya 1950 hata mwanzo wa miaka ya 1980 serikali yao iliwatibu watu wengi sana vijijini kwa dawa ya kuchomwa mshipani, siku baada ya siku. Kusudi lilikuwa jema, na dawa iliwafaa wengi. Lakini mabomba yalikuwa ya kioo, yakitumiwa tena na tena. Mstari wa watu ulikuwa mrefu, na nafasi ya kuyachemsha vema ilikuwa fupi. Pamoja na dawa ya kichocho, watu wakatiwa hepatitisi C, na Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoumizwa zaidi na ugonjwa huo duniani. Waganga wale hawakuwa kama wale wa siku za Semmelweis. Habari za vijidudu walizijua. Kumbe kujua si kutenda, hasa pale watu mia wanapongoja mlangoni.

Kwa hiyo ulimwengu uliamua kutoitegemea tena kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Sindano ikawa ya kutumiwa mara moja na kutupwa. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilizihimiza nchi zichanje watoto kwa mabomba yajifungayo yenyewe, yasiweze kutumiwa mara ya pili. Na kwa kazi ya kutoa damu ya kupima kuna kile kichupa kilichotolewa hewa, ambacho Joseph Kleiner wa Marekani alipata hati ya kukimiliki mwaka 1949. Kichupa hicho huivuta damu chenyewe, nacho kikifika kipimo chake huacha. Hapo kipimo na usafi vimekutana katika chombo kimoja.

Haki ya mwenye damu

Twafika sasa jambo la nne. Mwaka 1901 Karl Landsteiner wa Vienna alionyesha kwamba damu za watu si za namna moja, na nyingine zikichanganywa hugandamana. Mwaka 1914 Albert Hustin wa Brussels, na Luis Agote wa Buenos Aires, walitumia chumvi iitwayo sitrati kuizuia damu isigande. Na mwaka 1915 Richard Lewisohn wa New York alieleza kipimo chake kilicho salama. Tangu hapo damu iliweza kutolewa kwa mtu mmoja, ikawekwa chupani, ikaokoa mwingine. Damu iliyokuwa ikimwagwa bakulini kama takataka ikawa zawadi. Huko London, mwaka 1921, Percy Oliver wa Msalaba Mwekundu na wenziwe waliitikia wito wa hospitali iliyohitaji damu, na kwa neno hilo ukaanza utaratibu wa watu waitwao kutoa damu kwa hiari, pasipo malipo.

Basi jina la mwenye damu likawa na uzito wa uhai. Kichupa kilichoandikwa jina la mtu mwingine chaweza kuua, hata kama sindano ilikuwa safi na mkono ulikuwa hodari.

Lakini mwenye damu si jina tu. Katika miaka ile ile ambayo watu wa London walijitolea, huku kwetu mambo yalikuwa mengine. Zamani mumiani lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami, iliyoletwa pwani kutoka Uajemi na Bara Hindi, na watu wakasema kwamba imefanywa kwa damu ya watu. Baadaye neno likahama kutoka dawa likawashika watu. Nairobi na Kampala ilisemwa kwamba wazimamoto wa serikali huwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanachuoni Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000. Wazimamoto hawakunyonya damu ya mtu. Walakini masimulizi hayakuota pasipo udongo. Waganga wa serikali za kikoloni walizunguka vijijini wakichunguza malale, malaria na matende. Mara nyingi watu waliitwa kwa amri, wakatolewa damu, wasiambiwe sababu, wala majibu hayakurudi kwao. Mtu aliyechukuliwa kitu chake asielezwe sababu hujitungia sababu mwenyewe.

Kwa hiyo hatuoni ajabu kwamba maagizo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 juu ya kutoa damu hayaanzi na sindano, bali na maandalizi na mgonjwa. Aulizwe jina lake kamili, aelezwe kazi itakayofanywa, aulizwe kama akubali. Ndipo mikono isafishwe na glavu zivaliwe. Ngozi ipanguswe kwa spiriti, kisha iachwe ikauke yenyewe. Sindano iwe mpya, iingizwe kwa kulazwa. Ikiisha kutoka, isifunikwe tena kwa kifuniko chake, maana hapo ndipo wauguzi wengi walipojichoma na kujitia magonjwa ya watu. Itupwe mara moja katika kisanduku chake kigumu. Na kichupa kiandikwe jina papo hapo, mgonjwa angali mbele.

Hayo yote tuliwaeleza watoto wetu kwa ufupi. Kisha tukamwambia yule aliyeuliza, "Nenda kamsalimu bibi, umwambie walimu wako wasema swali lake ni zuri, nalo lastahili kujibiwa na wale wanaotaka damu yake. Awaulize mambo matatu: mwataka kupima nini, mtachukua kiasi gani, na majibu nitayapata lini. Tena akae aangalie karatasi ya sindano ikifunguliwa mbele yake."

Juma lililofuata mtoto akatuletea habari. Bibi alikwenda, akauliza yote matatu. Mwuguzi alivuta kiti akaketi, akamwonyesha kichupa kitupu na alama ya mahali damu itakapofikia, akamwambia, "Bibi, ni hii tu. Njoo Alhamisi, nitakusomea majibu mwenyewe." Bibi akakitazama kile kichupa kwa muda mrefu. Kisha akaikunja mikono ya nguo yake hata juu ya kiwiko, akasema, "Haya mwanangu, fanya. Na Alhamisi nitakuja."

Tuandikapo haya, Alhamisi bado haijafika.